Njia ya Ng'ombe Haimo Kwenye Ramani

Minza alivua viatu vyake vya mvua mlangoni mwa ofisi ya mtaa, akaingia pekupeku, akasimama mbele ya ramani. Ilikuwa imebandikwa ukutani tangu juzi, kubwa kama kitenge kilichoanikwa. Nyumba zote za mtaa wao zilikuwa humo. Watu walikuwa wanaingia wawiliwawili, wanatafuta kwao, wanaweka kidole.

"Mimi huyu hapa! Mia moja na kumi na nne!"

"Na mimi kumi na tano. Yaani hata kwenye karatasi umenifuata."

Wanacheka, wanatoka. Minza hakucheka. Alikuwa anapitisha kidole polepole, kinaanzia kwenye mazizi ya juu, kinashuka, kinapita nyumbani kwake, kinaelekea bondeni kwenye lambo. Mara ya kwanza alidhani amekosea. Akarudi juu, akaanza upya. Kidole kikapita kwenye kiwanja, kiwanja, kiwanja, vyote vya rangi ya njano, mpaka kikaingia kwenye maji ya bluu.

Njia ya ng'ombe haikuwemo.

Njia yenyewe aliikuta alipohamia huku Kakese na mume wake Masalu, miaka ishirini na sita iliyopita, kukiwa bado pori. Kila asubuhi ng'ombe wanashuka nayo kwenda kwenye maji na malisho, kila jioni wanapanda nayo kurudi. Upande mmoja kuna nyumba, upande wa pili kuna majaruba ya mpunga. Njia ikifungwa, ng'ombe hawataacha kunywa maji. Watapita kwenye mpunga. Na jambo hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa, maana miaka mitatu nyuma ng'ombe wachache tu waliingia kwenye mpunga, wenye mpunga wakatoka na majembe, wenye ng'ombe wakatoka na fimbo, mtu mmoja akapasuka kichwa, na wiki nzima watoto wa pande mbili hawakukaa dawati moja.

Aliona na kitu kingine pale ukutani. Kiwanja chake, namba themanini na saba, kilikuwa kizuri, kimenyooka, kina kona yake. Njia ikirudishwa kwa upana unaotakiwa, itaikata hiyo kona. Kwenye kona ndipo lilipo jiko lake la kuta za udongo, alilojengewa na Masalu mwaka mmoja kabla hajafa. Kwa hiyo kama kulikuwa na mtu wa kukaa kimya katika jambo hili, mtu huyo alikuwa yeye.

Alikaa kwenye benchi. Magoti yalikuwa yanamuuma.

Erasmus, kijana wa mipango miji, alifika saa nne na pikipiki yake kutoka Nsemulwa, suruali imeloa mpaka kwenye mapaja. Alikuwa na mitaa mingine mitatu ya kupitia na macho yake yalionyesha.

"Shikamoo mama mjumbe."

"Marahaba baba. Njia ya ng'ombe umeipeleka wapi?"

Erasmus hakuuliza njia gani. Alifungua begi, akatoa faili, akapekua, akamwekea karatasi mapajani. Minza aliutambua mwandiko kabla hajasoma. Ulikuwa wake. Herufi kubwakubwa, zimelala kidogo kama alivyofundishwa darasa la pili. *Mifugo, mtaa mzima: ng'ombe 58.*

"Ng'ombe hamsini na nane, mama," alisema Erasmus bila ukali. "Hamsini na nane wanajengewa birika la kunywea pale kwenye kisima, inatosha. Siwezi kukata viwanja thelathini kwa ajili ya ng'ombe hamsini na nane. Nilipanga kwa mlichoniandikia nyie wenyewe."

Minza alimrudishia karatasi yake.

"Tuna siku ngapi?"

"Mkutano ni Alhamisi. Watu wakikubali Alhamisi, mchoro unaondoka. Leo Jumatatu."

*

Hadithi ya ile hamsini na nane Minza aliijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Mwaka jana mji ulipoanza kusogea huku, walikuja watu wakasema mpango utakuwa shirikishi, wananchi wachague kamati yao. Wakachaguliwa saba. Minza alichaguliwa kwa sababu alimaliza la saba, anajua kuandika, na kwa sababu walitakiwa wanawake watatu na walikuwa wamepatikana wawili. Miezi miwili alitembea na fomu, nyumba kwa nyumba. Wako watu wangapi, choo kipo, maji mnachota wapi, mifugo mingapi.

Kwenye choo watu walisema ukweli. Kwenye mifugo walisema mengine.

Kwao Wasukuma ng'ombe hatajwi idadi kwa mdomo. Mwenye zizi anasimama mlangoni jioni, wanaingia mmojammoja mbele ya macho yake, na akijua wote wamerudi anafunga, basi. Ukimwambia mgeni namba, ni kama umefungua zizi ukalala. Hiyo ni moja. Ya pili ni kwamba wengi wao huko walikotoka walishaandikwa, na baada ya kuandikwa wakaambiwa ng'ombe ni wengi mno, watafute pa kwenda. Wakatafuta mpaka wakafika hapa. Sasa mtu wa namna hiyo ukimletea fomu na kalamu, anakuona umekuja kumhamisha.

Shemeji yake Ngusa, mdogo wake marehemu Masalu, ndiye mwenye zizi kubwa kuliko wote. Siku ile alimpokea vizuri, akamkalisha, mkewe Kija akaleta michembe ya viazi vikavu na karanga. Ng'ombe walikuwa wanalia nyuma ya nyumba mpaka mtu asikie kwa shida.

"Wangapi, shemeji?" Minza aliuliza.

"Andika saba."

"Shemeji!"

"Saba. Hao unaowasikia ni wa jirani."

"Jirani yako ni mimi."

"Basi ni wako," alisema Ngusa, na wote wakacheka mpaka michembe ikamwagika.

Minza akaandika saba. Na alipofika kwenye mstari wake mwenyewe, yeye mwenye ng'ombe sita waliokaa kwenye zizi hilohilo la Ngusa, kalamu ilisimama kidogo, halafu ikaandika wawili. Hakuna aliyemwambia aandike wawili. Mkono ulijiandikia.

*

Jumatatu hiyohiyo mchana alianza kutembea tena. Mvua ya Machi ilikuwa imelainisha kila kitu, mguu unaingia, unautoa, unaingia. Kwenye nyumba ya kwanza alieleza vizuri. Kwenye ya pili alieleza kwa kifupi. Ilipofika ya tano alikuwa anasema tu, "Njia imefutwa kwa sababu tulidanganya. Nipeni idadi ya kweli."

"Ile niliyokupa ndiyo ya kweli, mayu," alijibu mzee mwenye nyumba, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ulinipa wanne."

"Ndiyo. Wanne."

Nyuma yake ndama peke yao walikuwa zaidi ya wanne.

Jumanne asubuhi akafika kwa Ngusa. Alimkuta anasokota kamba, miguu ameinyoosha.

"Shemeji umechoka," Ngusa alisema. "Mwanamke wa kamati hachoki. Au hawakupi soda?"

"Ngusa, leo sina utani."

Akamweleza. Ngusa aliendelea kusokota. Alipomaliza kuvuta uzi alisema, sauti ya chini sasa, "Nikisema idadi, na njia isirudi? Nitakuwa nimepoteza vyote. Njia hakuna, na wanajua nilichonacho. Wewe utanisaidia? Ulikuwepo tulipohama kule. Uliniona."

"Nilikuona."

"Basi usiniombe namba. Niombe kitu kingine. Niombe hata dume."

Alichosema Ngusa kilikuwa kweli. Kija akaleta maziwa, Minza akanywa nusu, akaaga.

Wakati wa kurudi alipita kwa Gervais, mwenye majaruba yaliyo karibu kabisa na njia. Wazazi wake Gervais walitoka Burundi, yeye alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na uraia waliupata akiwa mkubwa. Mpunga wake ulikuwa umefika kiunoni, kijani kizito. Alikuwa anaziba tuta lililobomoka, matope mpaka viwikoni.

"Karibu mama Minza. Nimesikia unatembea kutafuta ng'ombe waliopotea kwenye karatasi."

"Wewe cheka. Wakikosa njia watapita kwako."

"Sicheki. Usiku uliopita nimeamka mara mbili kuuangalia huu mpunga, na njia bado ipo." Aliegemea jembe. "Sisi pia tulidanganya. Walipouliza tuko wangapi nyumbani, mke wangu Joséline alisema wanne. Tuko tisa. Mtu akizoea kuandikwa halafu anahamishwa, anapunguza tu, hata kama hajaulizwa vibaya. Darasa la shule tumepangiwa dogo kwa sababu hiyo, nimeona kwenye ramani."

Juu ya njia, ng'ombe wa mtu walikuwa wanashuka, wanakanyaga matope kwa ule mlio wao wa kuvuta na kuachia. Minza alikuwa anawaangalia bila kufikiri chochote. Halafu akajikuta anawahesabu. Kumi na moja, kumi na mbili. Hakuna aliyemtajia. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Gervais."

"Naam."

"Wanakataa kusema. Hawakatai kupita."

*

Jioni ile alimpigia Erasmus simu. Akamwomba aje Jumatano, saa mbili asubuhi, akae kando ya njia, aangalie.

"Mama, siwezi kubadilisha mchoro kwa maneno."

"Sikupi maneno. Njoo na macho tu, na karatasi."

Erasmus alipumua kwenye simu. Akasema atajaribu.

Halafu Minza akarudi tena kwa wenye mazizi, mara ya tatu sasa, giza likiwa bado halijaingia. Safari hii hakuomba namba. Aliwaambia kitu kimoja. Siku zote mnagawa, nusu mnawapitisha njiani, nusu mnawatoa alfajiri gizani ili watu wasione. Kesho msigawe. Wapitisheni wote. Hakuna atakayeuliza wa nani ni wangapi. Wataonekana ni ng'ombe wa mtaa.

Wengine waliitikia kwa kichwa. Wengine waliangalia pembeni. Ngusa alisema, "Nimekusikia," neno ambalo kwake lilikuwa na maana kwamba amesikia, basi.

Jumatano Erasmus alikuja. Walikaa kwenye gogo kando ya jiko la Minza, kwenye ile kona. Gervais alikuja pia, akasimama upande wake wa mpunga. Mawingu yalikuwa chini.

Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu wakashuka ng'ombe tisa wa yule mzee aliyesema wanne. Erasmus akaandika tisa. Kisha pakawa kimya. Saa tatu. Jogoo wa Minza alikuja akasimama kwenye kiatu cha Erasmus, akafukuzwa, akarudi.

"Mama, saa nne nina kikao mjini."

"Najua, baba."

"Hii ni tisa."

"Najua."

Minza aliangalia mikono yake. Siku mbili alikuwa ametembea. Na mwaka jana miezi miwili. Aliwaza kwamba akinyamaza sasa hivi hakuna atakayemlaumu, jiko lake litabaki, kona itabaki, na huu uchovu utaisha leo. Lilikuwa wazo zuri kweli. Alilikalia kama mtu anavyokaa kwenye kivuli.

Gervais ndiye aliyesikia kwanza. Aliinua jembe kuelekea juu.

Walianza kuonekana kwenye mwinuko, pembe kwanza. Ngusa alikuwa mbele, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, anaangalia mbele moja kwa moja kama mtu anayepita mahali asipomfahamu yeyote. Nyuma yake njia yote ilijaa. Weupe, wekundu, wa mabaka, madume yenye nundu, mitamba, ndama wanaokimbia pembeni na kurudi. Erasmus alisimama. Alikuwa anaweka alama, tano tano, na kalamu ilianza kumshinda. Ng'ombe walijaza upana wote wa njia, ubavu wa mmoja ukasugua ukuta wa jiko, udongo ukadondoka. Upande wa pili Gervais alitandaza mikono, akawa anawazuia wasigeukie mpunga, "Hoo! Hoo! Pita huko mheshimiwa!" na hata mchungaji mmoja akacheka.

Wakaisha wa Ngusa, wakaja wa mwingine. Siyo wote. Mazizi mawili hayakutoa hata mmoja, na Minza aliyajua ni yapi. Lakini Erasmus alipofika mia nne na kumi aliacha kuandika.

"Hawa wa kwanza walikuwa wa nani?" aliuliza.

"Umeona ng'ombe?"

"Nimeona."

"Basi andika ulichoona."

Erasmus alikunja karatasi. Alikuwa amelowa matope mpaka usoni. Alisema, "Nitahitaji mtu aseme kesho kwenye mkutano kwamba fomu ya kwanza ilikosewa, na aweke sahihi. Bila hivyo nina karatasi mbili zinazogombana, na ile ya kwanza ina muhuri."

Minza alikuwa amelijua hilo tangu Jumatatu.

*

Alhamisi watu walijaa nje ya ofisi ya mtaa, wengine wamekaa kwenye ndoo walizozigeuza. Mwenyekiti Theopista, mama wa Kifipa mwenye sauti ya kanisani, alifungua mkutano, akasoma, akauliza kama kuna mwenye hoja. Erasmus akaeleza habari ya karatasi mbili. Theopista akauliza nani aliyeijaza ya kwanza.

Minza alitazama upande wa wenye ng'ombe. Ngusa alikuwa anachora chini kwa fimbo. Hakuna aliyeinua kichwa, na yeye hakuwalaumu. Ukiinua kichwa unaulizwa una wangapi.

Akasimama. Magoti yakalia.

"Niliijaza mimi," alisema. "Nilijua kwamba siyo kweli nikaandika. Hata wa kwangu niliwapunguza. Ng'ombe hamsini na nane ni uongo, na mwandiko ni wa kwangu."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kumbe kamati ndiyo walaghai!" Mwingine, "Na vyoo vyetu umeandika vingapi?" Watu wakacheka. Mwanamke mmoja ambaye kiwanja chake kilikuwa juu ya njia alisimama akasema kwa hasira kwamba Minza amemchezea, juzi aliambiwa ana kiwanja, leo anaambiwa ni njia ya ng'ombe. Minza akasema, "Kweli dada. Nimekukosea."

Kisha Gervais akasimama. Alisema nyumbani kwake wapo tisa na siyo wanne, waandike, na kwamba yeye mwenye mpunga ndiye anayeomba njia ya ng'ombe, tena kwa magoti, ikibidi. Hapo wenye mpunga wakaanza kuguna kukubali. Wenye ng'ombe hawakusema kitu, ila mikono ilipoitwa ilinyooka yote. Hata ya yale mazizi mawili.

Njia ilirudi kwenye mchoro. Haikurudi kwa upana uliotakiwa, ilipunguzwa ili viwanja kumi na viwili vipone, na yule dada akabaki na nusu, ila kona ya Minza ilikatwa. Minza aliweka sahihi. Theopista akamwambia, kwa upole, kwamba itabidi kamati ipate mwandishi mwingine, watu hawatamwamini tena kwenye fomu. Minza akampa kalamu. Ilikuwa ni kalamu ya ofisi.

Wiki tatu baadaye wapimaji walikuja na bikoni zao za zege za kuonyesha mipaka. Moja ilichimbiwa mahali palipokuwa na mlango wa jiko la Minza. Mafiga alikuwa ameshayatoa jana yake, ukuta ameubomoa mwenyewe kwa jembe, polepole, akipumzika kila baada ya dakika chache. Gervais na Joséline walikuja na miti ya kujengea jingine nyuma ya nyumba. Ngusa alileta nyasi za kuezekea, akazitua bila kusema ni za nini, akakaa.

"Shemeji," alisema baada ya muda, "kwa hiyo ulimwandikia wangapi yule kijana?"

"Sikumwandikia. Alijiandikia."

"Wangapi?"

"Unataka nikutajie?"

Ngusa akaguna. "Hapana."

Jioni ng'ombe walipanda. Walipofika penye jiko, wa mbele alisimama, akanusa majivu yaliyobaki pale chini, akapita. Wengine wakamfuata. Minza alikuwa amekaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, na hakuwahesabu.